Masahihisho ya Ukurasa wa 312

Jumatatu, 5 Juni

Mvua tangu asubuhi. Kitabu kimefika! Kurasa mia sita na nne. Kizito kama tofali. Historia nzima ya michezo ya video ya huku kwetu Osaka na Kyoto, tangu mashine za kwanza zilizowekwa kwenye vibanda vya peremende hadi leo. Mwandishi ni Bi. Aritsuka Minori. Ametafiti miaka kumi na mmoja. Nimemwambia mke wangu, Fusae, asinisumbue, leo nitashinda ndani ya historia. Akauliza kama huko ndani nitapewa chakula cha mchana au aniwekee.

Nimeanzia nyuma, kwenye orodha ya majina. Ndivyo mtu mwenye akili asomavyo kitabu cha historia. Nagumo Teruhiko: hakuna. Nikapitisha kidole mara ya pili, polepole, pengine wameniruka. Hakuna. Nikatafuta jina langu la kazini. Enzi zile hakuna aliyeandikwa jina lake halisi mwishoni mwa mchezo, wakubwa waliogopa kampuni nyingine zisije zikatuiba, kwa hiyo kila mtu alipewa jina la utani. Mimi nilikuwa Mto wa Kulalia. Watoto wangu nimewaambia siku zote kwamba ni kwa sababu ya upole wangu.

Mto wa Kulalia yupo! Ukurasa wa 312! Nikafungua haraka. Pameandikwa hivi: Mto wa Kulalia (hajulikani ni nani).

Hajulikani!

Juu yake aya nzima, nene, imenona, ya Mkuu Mitarai. Inasema kwamba mwaka 1986, kampuni ya Hotarubi ilipotoa mchezo wa yule kereng'ende mwekundu anayerudi kwao, mkuu wa idara Mitarai Kozo aliamua kwa ujasiri kuiacha hatua ya sita bila adui hata mmoja. Anga tu, na mawingu. Mchezaji anaelea mpaka mwenyewe atakapotaka kupaa juu na kuondoka. Eti ni utupu mzuri kuliko wote katika historia ya michezo yetu. Eti Mkuu alitaka mchezaji apumue.

Apumue! Mtengenezaji wa hatua ya sita nilikuwa mimi. Jinsi ilivyobaki tupu ni habari ndefu, sina haja ya kuiandika hapa.

Ndani ya kitabu kuna kikaratasi: toleo la pili linatayarishwa, wenye masahihisho wayafikishe kabla ya tarehe 16 Juni. Siku kumi na moja. Nina miaka sitini na nne, na zikipita hizo siku nitakufa nikiwa hajulikani ni nani.

Nikapigia mstari neno lile kwa penseli. Halafu nikasikiliza mvua kwenye bati la kibaraza. Nimezinduka saa kumi jioni, shavu juu ya ukurasa wa 312.

Jumanne, 6 Juni

Mpango umepatikana, na ni mzuri mno. Kila kitabu huwa na kadi ya msomaji ndani yake, ukitoa maoni unaitumbukiza kwenye sanduku la posta bila stempu. Nimekwenda maduka matatu ya vitabu, nikafungua nakala saba, nikachomoa kadi saba. Si wizi. Kadi ni ya msomaji, na mimi ni msomaji.

Nimeandika kama watu saba. Mama wa nyumbani wa Nara, miaka thelathini na nane, anakumbuka kwa machozi ustadi wa Bw. Nagumo. Mtawa wa Kyoto anashangaa Bw. Nagumo hatajwi. Daktari wa meno. Mkulima wa vitunguu. Mwanafunzi wa kike ambaye Bw. Nagumo alimbadilisha maisha. Huyo nilimwandika kwa wino wa zambarau. Kufika kwa mtu wa saba nilikuwa ninampenda Bw. Nagumo kwa dhati.

Fusae akapita na kikapu cha nguo. Akachungulia. Akauliza mtawa ana shida gani ya mkono hata mwandiko wake ukafanana na wangu. Nikamjibu kwamba watawa wote huandika hivyo.

Alhamisi, 8 Juni

Simu! Sauti ya kike, ya taratibu. Akajitambulisha: Aritsuka Minori. Akaomba kuongea na mama wa nyumbani wa Nara.

Nikasema ametoka.

Akaomba basi kuongea na mtawa. Nikasema yupo kwenye sala. Akaniuliza kwa adabu kabisa kama daktari wa meno, mkulima na wengine nao wanaishi hapo, kwa kuwa wote saba wameandika namba hii moja ya simu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kadi ilidai namba ya simu! Nikaandika ninayoijua!

Nikakiri kwamba mimi ndiye Nagumo, na ndiye Mto wa Kulalia. Hakucheka. Akasema miaka kumi na mmoja amekuwa akimtafuta mtu huyo, na Mkuu Mitarai kila akiulizwa hujibu kwamba amesahau. Kama nina karatasi yoyote ya wakati ule, mchoro, daftari, chochote, atakuja mwenyewe nyumbani Jumatano. Bila karatasi hawezi kubadili neno, maana wanaume wanne wameshamwambia kwamba wao ndio Mto wa Kulalia.

Wanne! Watu hawana haya!

Nikamwambia karatasi ninazo tele, ziko kwenye maboksi, nitazichambua tu. Nikakata simu. Sina hata moja.

Ijumaa, 9 Juni

Nimepekua kabati, darini, chini ya ngazi. Nimepata viatu vya tenisi, risiti za mwaka 1991 na feni. Karatasi, hakuna.

Basi kama historia haitaki kusahihishwa kwa mlango wa mbele, ipo ya nyuma. Vitabu vikitoka na makosa, mchapishaji hutia ndani kikaratasi chembamba cha masahihisho. Kila mtu anakiamini. Hakuna anayeuliza nani kakitia. Nimekaa, nimepiga mistari kwa rula, nimeandika kwa herufi za kitabuni: "MASAHIHISHO. Ukurasa wa 312, mstari wa 9. Badala ya Mitarai Kozo, soma Nagumo Teruhiko. Tunaomba radhi." Hapo kwenye kuomba radhi ndipo penye ufundi.

Nikaenda kwenye mashine ya fotokopi ya duka lililo pembeni mwa kituo cha treni. Nakala arobaini. Nikapanda treni hadi Umeda, duka kubwa la vitabu, ghorofa ya nne. Nilikuwa nimevaa tai. Nakala ya kwanza, shwari. Ya tano, shwari. Ya kumi na moja, mkono ukashikwa na sauti.

Mama mmoja wa makamo, mkuu wa sehemu ile. Nikaganda. Akainama. Akasema pole sana Bwana kwa kuja mvuani, mchapishaji wenu angetuma tu kwa posta. Akaniletea stuli. Akaniletea chai. Kisha akaniletea nakala nyingine ishirini na sita kutoka stoo. Na nilipomaliza akaja na mzigo wa vitabu vingine vya mchapishaji huyohuyo, ambavyo masahihisho yake yalifika juzi na hawajapata mtu wa kuyatia: kitabu cha kuchachua figili. Kijiko kimoja cha chumvi, si kikombe kimoja. Nakala mia moja na tisini.

Ningefanyaje? Nimetia vikaratasi vya figili kwa saa tatu. Migongo ya vitabu, harufu ya karatasi mpya, mvua kwenye vioo vyote. Kufika katikati nilikuwa kama ninaelea. Nimeokoa figili nyingi leo.

Jumamosi, 10 Juni

Saa nne asubuhi kengele ya mlango. Nikafungua. Mkuu Mitarai, mwavuli unachuruzika, boksi la keki za maharage matamu mkononi. Ana miaka sabini na moja na bado ana nyusi zilezile. Nikainama kabla sijafikiri. Kampuni ilikufa mwaka 1994 lakini mgongo wangu haujapata taarifa.

Akaketi mkekani. Akaiweka karatasi mbele yangu. Ile ya asili! Yenye mistari ya rula! Akasema, "Kijana, uliisahau kwenye kioo cha mashine. Mimi hutoa fotokopi za darasa langu palepale. Hata uasi wako una usingizi?"

Fusae akaleta chai, akakaa kabisa. Hajawahi kukaa wageni wangu wakija.

Mkuu anafundisha kila Alhamisi kwenye ukumbi wa wakazi wa mtaa wao, somo la Falsafa ya Utupu. Wanafunzi kumi na wanne, wengi wastaafu. Nilikuwa nimeandaa maneno makali kuhusu hiyo falsafa. Nilikuwa nimeyapanga tangu Jumatatu. Kabla sijatoa la kwanza, akaniuliza kama ninakumbuka ile siku.

Nikasema ninakumbuka vizuri sana.

"Huikumbuki," akasema. "Ulikuwa umelala."

Haya. Imeshasemwa mbele ya mke wangu, nami naiandika. Ilikuwa alasiri, saa nane. Nilikuwa nimekula tambi baridi mabakuli mawili. Saa kumi na moja mtu wa kiwanda cha kaseti za michezo angekuja kuchukua mchezo, na kilichobaki ni mimi kuweka adui wa hatua ya sita na mpaka wake wa mwisho. Nikaegemeza kichwa kidogo. Nilipoamka, mchezo ulikuwa umeshakwenda. Nilidhani nitafukuzwa. Hakuna aliyenifukuza. Mkuu alinipa chai tu, akasema yamekwisha. Nikachukulia yamekwisha.

Kumbe hayakwisha. Wiki mbili baadaye rais wa kampuni aligundua, akaita wakuu wote, akapiga meza, akataka jina la mzembe. Mkuu akasema aliingia ofisini mwa rais, akapiga magoti, akaweka paji la uso sakafuni. Akasema hakuna uzembe, ameamua yeye. Ni utupu wa makusudi. "Mkeo alikuwa na mimba ya miezi saba," akasema. "Ningesema nini? Kwamba Nagumo alishiba tambi?"

Walimkata mshahara nusu mwaka. Halafu barua za wachezaji zikaanza kuja, magunia kwa magunia, wote wanaisifu hatua ya sita. Rais akamkumbatia. "Nimesema niliamua mara nyingi mno," akasema Mkuu, akiangalia keki. "Siku hizi nakumbuka kabisa nikiamua. Nakumbuka hata nilivyovaa."

Akasema hanikatazi. Nifanye ninavyoona. Ila darasa lake ndilo analoamkia kila wiki, tangu mkewe afariki hana jingine. Akainama akaenda zake na mwavuli wake.

Nimeona aibu. Ya kweli, ya tumboni. Imedumu mpaka keki ya tatu. Kwenye ya nne nikaanza kuwaza kwamba hata hivyo, usingizi ulikuwa wangu. Yeye alipiga magoti tu. Kupiga magoti kila mtu anaweza.

Jumatatu, 12 Juni

Mvua haijakatika. Mchana nilijilaza kusubiri wazo, nikaota. Nilikuwa kereng'ende. Chini mashamba ya mpunga yenye maji, juu mawingu ya rangi ya pichi, mraba mraba kama tulivyoyachora zamani, na hakuna sauti isipokuwa ule muziki wetu wa noti sita. Sikuwa na haraka. Nikamkuta Mkuu juu ya wingu, kapiga magoti, paji la uso winguni. Nikamuuliza anamwinamia nani. Akasema ngoja, kijana yumo usingizini, usimwamshe. Nikaruka kimyakimya nikimzunguka. Ilikuwa ndoto tamu, na nimeamka nalia.

Niliamshwa na Fusae akiburuta droo. Juni ni mwezi wa kubadili nguo, ya sufi inapanda juu, ya kitani inashuka. Alikuwa ametoa magazeti yaliyotandikwa chini ya droo ya chini kabisa, aweke mapya. Akaniuliza kama nahitaji hii au aitupe.

Karatasi ya miraba. Imekuwa ya njano. Kichwani: Hatua ya Sita, adui, mtengenezaji Nagumo. Muhuri wa kampuni, tarehe, kila kitu!

Nikapiga kelele. Nikamkumbatia Fusae na droo yake. Miaka thelathini na saba imelala chini ya fulana zangu za ndani!

Kisha nikaitazama vizuri. Nusu ya kushoto imejaa misalaba ya penseli nyekundu. Kila msalaba ni adui: kunguru, nyigu, mwewe. Nimewahesabu: sabini na wanane. Mungu wangu. Nilitaka kuujaza ule uwanja wa mawingu kunguru kama jalala. Na kunguru wa mwisho ana bawa moja tu. Kutoka kwenye bawa hilo mstari mwekundu unateremka, unayumba, unateremka tena, mpaka unatoka nje ya karatasi. Karibu na ukingo kuna doa la duara. Fusae akalinusa akasema ni mate.

Basi huo ndio ushahidi wangu. Unathibitisha kwamba nilikuwepo, na unathibitisha kwamba sikuwepo.

Jumatano, 14 Juni

Mpango ulikuwa rahisi. Karatasi nimeikunja mara mbili, sehemu ya mstari na mate imekwenda ndani, kinachoonekana ni kichwa na muhuri. Na hotuba nimeikariri: kwamba niliwachora adui wote kwanza ili nijue uzito wao, kisha nikawafuta moyoni mmoja mmoja.

Bi. Aritsuka amefika saa nane kasoro. Mwembamba, miwani, viatu vimelowa. Ameniita Mzee Nagumo. Nimepiga hotuba yote. Akaandika kila neno, ananivika kilemba cha ukoka kwa kuitikia kwa kichwa, nami nikazidi kupanda. Nilifika mahali nikasema utupu ni mlango. Sijui niliyatoa wapi.

Kisha akaomba karatasi. Akaisoma. Akaikunjua.

Aliufuata ule mstari kwa kidole, taratibu, hadi kwenye ukingo, na kidole kikaendelea kidogo hewani. Akauliza hii ni nini. Nilikuwa na jibu tayari: ni njia ya upepo. Nikafungua mdomo.

"Alilala," akasema Fusae kutoka jikoni.

Miaka thelathini na tisa ya ndoa!

Nilisubiri acheke, au afunge daftari aondoke. Alivua miwani. Akasema alipokuwa na miaka tisa alikuwa na pumu mbaya. Akilala chali anabanwa, kwa hiyo alikuwa anakaa kitandani na mchezo wetu mchana kutwa, akiogopa kulala. Hatua zote ukisinzia unakufa. Ya sita tu ndiyo hufi. Aliifikia kila siku, akaweka mashine kifuani, na kereng'ende anaelea peke yake huku na yeye anaelea. Ndipo alipokuwa anapata usingizi. Mama yake alikuwa anakuja, anakuta muziki unalia na mtoto anapumua. "Nimeandika kurasa mia sita kumtafuta mtu aliyenifanyia vile," akasema. "Nilifikiri ni mtu mwenye falsafa. Kumbe Mzee, tulilala wote wawili."

Nimelia mbele ya mgeni, bila hata kitambaa. Na pale nilipokuwa nalia mdomo ukajisemea wenyewe: nikamweleza habari za Mkuu, ofisi ya rais, magoti, mshahara uliokatwa, mimba ya Fusae. Sikupanga. Ningepanga nisingesema, kwa maana sasa aya itabidi tugawane.

Aliandika yote. Mlangoni aliinama mpaka chini, akanishukuru kwa kulala.

Ijumaa, 16 Juni

Siku ya mwisho ya masahihisho. Nimekaa karibu na simu tangu asubuhi, nikiangalia mvua ikichora mistari kwenye kioo, yote inayumba kama ule wangu. Saa saba ikalia. Mkuu Mitarai.

Nikajiandaa kutukanwa. Akasema Bi. Aritsuka amekwenda kwake vilevile. Akasema, "Umenivua nguo hadharani, kijana." Nikaomba radhi nimeinama na simu. Akasema jana amewaeleza darasa zima kwamba hakuamua kitu, alidanganya tu. Alidhani watanyanyuka waondoke. Wakamwomba arudie pale pa kupiga magoti. Ameonyesha mara tatu, na goti linauma, na wiki ijayo kuna wengine wawili wanataka kujiandikisha.

Halafu kila mmoja akasikiliza mvua ya mwenzake. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu ujana. Nimejiahidi: basi. Hakuna tena mipango. Kitakachoandikwa na kiandikwe.

Jumatano, 20 Septemba

Toleo la pili limekuja! Na barua ndogo ya shukrani ya Bi. Aritsuka ndani.

Ukurasa wa 312. Nimesoma kwa sauti, Fusae amesimama na mwiko: "Hatua ya sita ilibaki tupu kwa sababu mtengenezaji wake, Nagumo Teruhiko (Mto wa Kulalia), alilala mezani. Mkuu wake, Mitarai Kozo, alidanganya ili kumwokoa. Mwandishi wa kitabu hiki anawiwa pumzi na wote wawili."

Nagumo Teruhiko. Kwa wino. Na nyuma kwenye orodha: Nagumo, 312. Fusae alijifuta macho kwa aproni, akakichukua kitabu akakiweka kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha ya marehemu mama yangu, akagonga kengele. Mama, mwanao anajulikana ni nani. Nilifurahi sana.

Furaha hiyo ilikuwa kamili kuanzia saa tatu hadi saa tano.

Saa tano nikakitoa madhabahuni nikasoma tena. Alilala. Alilala! Kitabu kitakaa maktaba miaka mia. Watu watakuja, watafungua, na mimi nitakuwa nimelala. Na hakuna hata anayesema nililala vipi. Kuna kulala na kulala. Mtu anaweza kufumba macho akiwa anawaza mambo makubwa, nani alikuwepo kunipima?

Nimetoa rula.

"MASAHIHISHO. Ukurasa wa 312, mstari wa 10. Badala ya alilala, soma alitafakari. Tunaomba radhi."

Fusae alikuwa amekwenda sokoni. Nikashuka mbio hadi duka la pembeni mwa kituo, mvua imeanza, nikafunua kifuniko cha mashine. Juu ya kioo kulikuwa na karatasi mtu ameisahau. Mistari ya rula. Mwandiko wa kizee, wa kukwaruza, ambao nimeupokelea amri miaka minane.

"MASAHIHISHO. Ukurasa wa 312, mstari wa 11. Badala ya alidanganya, soma aliamua. Tunaomba radhi."

Nikaisoma mara mbili. Mkuu ameanza uzee, kusahau karatasi hadharani namna hii! Nikamwonea huruma sana. Pengine alitoa nakala mbili tatu tu, macho yake hayaoni vitufe. Basi nikamtolea ishirini. Mkuu ni Mkuu. Kisha nikaweka yangu, nikatoa ishirini zangu, nikazifunga zote pamoja kwa mpira ili zisilowe. Kesho nitavaa tai niende Umeda. Yule mama atanikumbuka, atanipa stuli.

Nimefika nyumbani. Nimezipanga mkekani, ishirini za Mkuu, ishirini zangu, na karatasi ya asili ya Mkuu, nitamrudishia kwa utani.

Yangu ya asili haipo. Nimetafuta mifukoni, kwenye mwavuli. Haipo.

Ipo kule. Kwenye kioo.

Nitaifuata sasa hivi. Mvua imekuwa ya taratibu, inapiga bati kama zile noti zetu sita. Nijiegemeze kidogo tu, dakika tano, halafu